Waswidi na toni za Kichina: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila muhula unapoanza kwenye madarasa ya jioni ya Kichina hapa Göteborg, ambako nimekuwa nikiwasaidia wanaoanza kwa miaka kadhaa. Mengine huulizwa na Waswidi wenyewe, mengine na Waswahili wenzetu waliokwisha kukizoea Kiswidi na sasa wanataka Kichina. Yamepangwa kuanzia yale ya mwanzo kabisa. Kama umeshaanza masomo na kinachokusumbua ni mdomo, nenda moja kwa moja swali la 9.

## Ya mwanzo

1. Toni ni nini, na inatofautianaje na kiimbo?

Kila lugha hupandisha na kushusha sauti. Ukisema "Amekuja." na "Amekuja?", neno ni lilelile, sauti ndiyo iliyogeuza taarifa ikawa swali. Hicho ni kiimbo, na ni mali ya sentensi. Toni ni mali ya neno au silabi. Ukiibadilisha umesema neno jingine kabisa: katika Kichina *mǎi* ni kununua, *mài* ni kuuza.

Kinachohesabika si kidatu chenyewe, yaani kimo cha sauti, bali uhusiano wake na vidatu vya jirani. Mzee mwenye sauti nzito na mtoto wa miaka mitano hutamka toni ileile kwa vidatu vilivyo mbalimbali sana, na wanaelewana, kwa sababu kila sauti hupimwa ndani ya upeo wa mwenyewe. Kwa hiyo usijaribu kumuiga mwalimu wako kwa kufikia kidatu chake. Iga anavyokwenda.

2. Kichina sanifu kina toni ngapi?

Nne, pamoja na toni hafifu isiyo na umbo lake. Mwaka 1930 mwanaisimu Yuen Ren Chao alibuni njia ya kuzionyesha kwa ngazi tano, 1 ikiwa chini kabisa ya sauti yako na 5 juu kabisa, na mpaka leo ndiyo inayotumika. Toni ya 1 ni 55: iko juu na imetulia. Toni ya 2 ni 35: inapanda kutoka katikati. Toni ya 3 ikitamkwa peke yake ni 214: inashuka hadi chini kisha inainuka, ingawa katika mazungumzo mara nyingi hubaki chini tu (swali la 10). Toni ya 4 ni 51: inaporomoka kutoka juu hadi chini.

Pinyini, yaani tahajia ya Kichina kwa herufi za Kilatini iliyopitishwa mwaka 1958, huziwekea alama juu ya irabu: *ā, á, ǎ, à*. Alama zimechorwa kufuata mwendo wa sauti, kwa hiyo anayeanza hana haja ya kuzikariri. Azifuate kwa kidole.

3. Je, Kiswidi nacho ni lugha ya toni?

Kwa kiasi fulani. Kiswidi kina aksenti mbili za neno, ambazo wenyewe huziita *akut* na *grav*. Hapa nitaziita aksenti ya 1 na aksenti ya 2. Chukua neno *anden*. *And* ni bata, na "yule bata" ni *anden*. *Ande* ni roho, na "ile roho" pia ni *anden*. Herufi ni zilezile, mkazo uko kwenye silabi ileile ya kwanza, ila Mswidi hachanganyi. Vivyo hivyo *tomten* ni kiwanja cha nyumba au yule mzee wa Krismasi, na *stegen* ni zile hatua au ile ngazi. Zimehesabiwa jozi zipatazo 350 za namna hii.

Mtu wa Stockholm akilitamka neno hilo kwa kulisisitiza, *anden* ya bata huanza chini kwenye silabi ya kwanza, ndipo sauti ikapanda. *Anden* ya roho hushuka ndani ya silabi ya kwanza yenyewe, kisha sauti hupanda tena, hivyo neno moja linakuwa na vilele viwili. Hii aksenti ya 2 ndiyo huwafanya wageni waseme kwamba Waswidi wanaimba.

Lakini mzigo unaobebwa na aksenti hizi ni mwepesi. Ukikosea, jirani atajua unamzungumzia bata kwa sababu umeshataja ziwa. Tena aksenti ya 2 inahitaji angalau silabi mbili; neno la silabi moja halina la kuchagua. Kichina ni kinyume chake, kwa kuwa karibu kila silabi inabeba toni yake. Ugumu wote wa Mswidi umelala hapo, kati ya wimbo wa neno na wimbo wa silabi.

4. Basi Mswidi anaanza akiwa na faida?

Sikioni, ndiyo. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliowasikilizisha toni za Kithai wasemaji wa Kithai, Kikantoni, Kimandarini (yaani Kichina sanifu), Kiswidi na Kiingereza. Waswidi walizitenganisha toni vizuri kuliko wasemaji wa Kiingereza. Sehemu iliyonigusa zaidi ni ya fidla. Mwendo uleule wa sauti ulipopigwa kama mlio wa fidla, wasemaji wa Kiingereza waliusikia vizuri kuliko ulipokuwa ndani ya maneno. Waswidi, sawa na wasemaji wa lugha za toni, hawakuonyesha tofauti hiyo.

Nasoma matokeo hayo hivi: masikio ya msemaji wa Kiingereza ni mazima, ila akishajua kwamba anasikiliza maneno, anauweka muziki kando. Mswidi hajazoea kuuweka kando, maana tangu utotoni muziki huo ndio uliokuwa ukimwambia kama ni bata au ni roho.

Mdomoni faida ni ndogo, na mara nyingine inageuka kikwazo. Nimeona wanafunzi wanaofaulu jaribio la kusikia wiki ya tatu, na mwaka wa pili bado wanakiimba Kichina kwa wimbo wa Kiswidi. Sababu ziko swali la 9.

## Kusikia

5. Kwa nini nachanganya toni ya 2 na toni ya 3?

Jozi hii huwasumbua karibu wageni wote, wawe Waswidi au wengine. Zikitamkwa peke yake, zote mbili huishia kwa kupanda. Kinachozitenganisha ni wakati wa kugeuka. Toni ya 2 huanza kupanda mapema. Toni ya 3 hukaa chini sehemu kubwa ya silabi, mara nyingi sauti ikikwaruza huko chini, ndipo inapoinuka.

Kwa hiyo badilisha swali unalojiuliza. Wengi hujiuliza "imepanda au haikupanda?", na jibu huwa "imepanda" kwa zote mbili. Jiulize "imekaa chini muda gani?", na usikilize ule mkwaruzo. Mwanafunzi akishaanza kuusikia, makosa yake kwenye jozi hii hupungua haraka kuliko kwa zoezi jingine lolote ninalolijua.

6. Darasani nazisikia vizuri. Mbona Wachina wakizungumza zinapotea?

Zimebanwa. Katika mazungumzo silabi ni fupi, na sauti haipati nafasi ya kufika kila inakotakiwa. *Zàijiàn*, kwaheri, ni toni ya 4 mara mbili, lakini ile ya kwanza haiporomoki hadi chini kabisa. Inakatwa njiani ili sauti ipate kurudi juu kwa ajili ya ya pili. Juu ya hayo, sauti ya sentensi nzima huteremka polepole kadiri pumzi inavyoisha, hivyo toni ya 1 mwishoni inaweza kuwa chini kuliko toni ya 1 iliyofungua sentensi.

Aliyejifunza toni mojamoja, *mā má mǎ mà*, anasubiri maumbo kamili ambayo hayaji. Aliyejifunza kwa jozi anazisikia, kwa sababu ameshakutana nazo zikiwa zimebanana. Orodha ya jozi iko swali la 9.

7. Ni mazoezi gani ya kusikia yanayosaidia kweli?

Sauti za watu wengi tofauti, na kuambiwa papo hapo kama umepata au umekosa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, wanafunzi wa Kimarekani walipewa vipindi 8 vya namna hiyo ndani ya wiki 2. Usahihi wao katika kutambua toni ulipanda kwa asilimia 21, walizitambua hata kwa wasemaji ambao hawakuwahi kuwasikia, na miezi 6 baadaye faida ilikuwa bado ipo. Hao walikuwa Wamarekani, wasio na aksenti ya 1 wala ya 2, kwa hiyo Mswidi hana sababu ya kukata tamaa.

Kosa ninaloliona zaidi ni kuzoea sauti moja. Mtu anasikiliza rekodi za mwalimu wake miezi sita, anazipata zote, kisha anakutana na kijana wa Chengdu na hasikii kitu. Alichojifunza ni mwalimu. Changanya wanaume, wanawake, wazee na watoto. Dakika kumi na tano kila siku zinazaa kuliko saa mbili za Jumamosi.

8. Ni lazima niwe na sikio la muziki?

Hapana. Uswidi ni nchi ya kwaya, na wanakwaya wengi huja darasani wakiamini watateleza tu. Kusikia kwao mara nyingi ni kuzuri, lakini noti husimama na toni hutembea. Mwanakwaya hutamka toni ya 2 kama noti mbili, moja chini na moja juu, kama anapanda ngazi. Inatakiwa iteleze bila kidaraja katikati.

## Kutamka

9. Kwa nini Kichina changu kinasikika kama Kiswidi kinachoimbwa?

Kwa sababu ulimi umezoea kulipa neno zima wimbo mmoja. Katika Kiswidi cha Stockholm na maeneo ya kati, maneno ya kuunganisha hupewa aksenti ya 2. *Sjuk* ni mgonjwa, *hus* ni nyumba. *Sjukhus*, hospitali, hushuka mwanzoni na kupanda mwishoni. Kichina nacho kimejaa maneno ya kuunganisha. *Dà* ni kubwa, *xué* ni kujifunza. *Dàxué* ni chuo kikuu. Mwanafunzi anayaona maneno mawili yaliyounganishwa, na ulimi unaanza kuimba kabla hajafikiri. Kwa bahati *dàxué* ni toni ya 4 na ya 2, kushuka kisha kupanda, kwa hiyo amepatia, na anasifiwa. Dakika tano baadaye linakuja *fēijī*, ndege, ambalo ni toni ya 1 mara mbili, juu na juu. Analiimba vilevile, na linatoka *fèijí*, ambalo halimwambii Mchina chochote.

Huko kupatia kwa bahati ndiko kunakomchelewesha Mswidi. Msemaji wa Kiingereza anakosea kila mahali na anajua. Mswidi anapatia baadhi ya jozi bila kujitahidi, na hayajui makosa yake yako wapi. Ndiyo maana namwomba kila anayeanza apitie jozi zote, na hasa zile zinazopingana na wimbo wake wa nyumbani:

- 1 ikifuatwa na 1, 2, 3, 4: *jīntiān* (leo), *Zhōngguó* (Uchina), *qiānbǐ* (penseli), *gāoxìng* (kufurahi)
- 2 ikifuatwa na 1, 2, 3, 4: *míngtiān* (kesho), *xuéxí* (kujifunza), *píngguǒ* (tofaa), *xuéxiào* (shule)
- 3 ikifuatwa na 1, 2, 3, 4: *lǎoshī* (mwalimu), *Měiguó* (Marekani), *shuǐguǒ* (matunda), *pǎobù* (kukimbia)
- 4 ikifuatwa na 1, 2, 3, 4: *dàjiā* (watu wote), *dàxué* (chuo kikuu), *Hànyǔ* (Kichina), *zàijiàn* (kwaheri)
- toni hafifu baada ya 1, 2, 3, 4: *māma* (mama), *péngyou* (rafiki), *wǎnshang* (jioni), *bàba* (baba)

Jozi 20. Neno moja la kila jozi likikaa mdomoni sawasawa, linakuwa kipimo cha maneno mengine yote: ukikutana na neno jipya lenye 1 na 2, lipige kwa wimbo wa *Zhōngguó*.

Kuna tatizo la pili, la urefu. Katika Kiswidi silabi yenye mkazo ni lazima iwe ndefu, ama kwa irabu ama kwa konsonanti, na zile zisizo na mkazo hufinywa. Toni inataka muda. Silabi iliyofinywa haina nafasi ya kupanda wala kushuka, hata kama mwenyewe anaijua toni yake. Wiki za mwanzo toa kila silabi kwa urefu sawa, kama unayehesabu shilingi mezani. Itasikika ya kitoto, na ni sawa. Kasi huja yenyewe.

10. Toni ya 3 nitamke vipi?

Itamke chini, basi. Vitabu huichora ikishuka na kupanda, na wanafunzi huipandisha kila mahali mpaka inageuka toni ya 2. Ikifuatwa na toni ya 1, 2, 4 au hafifu, haipandi: ni 21, inazama na kubaki chini. *Lǎoshī* ni chini kisha juu. Kupanda kunakuja pale toni ya 3 inapokuwa peke yake au mwisho wa sentensi, na huko Taiwan hata hapo mara nyingi haipandi.

Msaada mmoja kwa watu wa Stockholm: sema *anden* ya bata (swali la 3), lakini ikate kabla sauti haijaanza kupanda. Pale chini uliposimama ndipo toni ya 3 inapokaa.

Toni ya 3 ikifuatwa na nyingine ya 3, ile ya kwanza hugeuka toni ya 2. *Nǐ hǎo* hutamkwa *ní hǎo*, *shuǐguǒ* hutamkwa *shuíguǒ*, ingawa alama kitabuni hazibadiliki. Zikifuatana tatu, hutegemea maneno yanavyogawanyika, na mwaka wa kwanza hayo hayakuhusu.

11. Toni hafifu ina umuhimu gani? Si ndogo tu?

Ni ndogo, lakini hapa Waswidi huanguka vibaya. Seremala mmoja mstaafu, mwanafunzi wa bidii sana, alivua miwani darasani, akasugua jicho, akasema: *Wǒ de yǎnjìng téng.* Alikusudia "macho yangu yanauma". Alichosema ni "miwani yangu inauma". Macho ni *yǎnjing*, silabi ya pili hafifu. Miwani ni *yǎnjìng*, silabi ya pili ni toni ya 4 kamili. Mwalimu wetu hakumweleza kitu. Aligonga meza mara mbili, kwanza kwa kiganja kizima, halafu kwa ncha ya kidole. Kiganja, ncha ya kidole. Seremala akagonga naye mara tatu nne, ndipo akalisema, na likatoka sawa.

Sababu ni ileile ya swali la 9: wimbo wa aksenti ya 2 una kilele cha pili kuelekea mwisho, hivyo silabi ya mwisho haiachwi ife. Toni hafifu lazima iachwe ife. Kidatu chake hupangwa na jirani aliyetangulia: baada ya toni ya 4 iko chini kabisa, baada ya 1 na 2 iko chini hadi katikati, na baada ya 3 inaruka juu kidogo.

12. Nikiuliza swali, sauti inapanda. Je, toni haiharibiki?

Kwa Mchina haiharibiki, kwa mgeni huharibika. Mchina akiuliza, huinua sauti ya sentensi nzima, na ndani ya sauti hiyo iliyoinuliwa kila toni inabaki na mwendo wake. Mgeni huvuta silabi ya mwisho peke yake. Hatari zaidi ni swali la wasiwasi: mwanafunzi hana hakika na neno, analisema kwa kupandisha mwisho kama anayeomba ruhusa, na *mài*, kuuza, inatoka *mái*, ambayo ni kuzika. Mwalimu anasahihisha, mwanafunzi anazidi kuogopa, sauti inazidi kupanda.

Dawa ni kusema kila neno jipya kama una hakika nalo, hata kama huna. Swali liachie neno la kuulizia, *ma*, mwishoni.

13. Kuchora toni kwa mkono kunasaidia, au ni mchezo wa watoto?

Kunasaidia. Mkono ulionyooka kwa toni ya 1, unaopanda kwa 2, uliolala chini kwa 3, unaokata kwa 4. Usichore lile bonde la kitabuni kwa toni ya 3.

14. Kuna programu ya kompyuta inayoweza kunionyesha makosa yangu?

Praat, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, haina malipo na huchora mwendo wa kidatu chako. Jirekodi, weka rekodi ya Mchina juu na yako chini, ulinganishe umbo, si kimo. Mstari utakatika kwenye konsonanti kama *t* na *s*, na pengine kwenye mkwaruzo wa toni ya 3. Hilo si kosa lako.

Simu inayogeuza sauti kuwa maandishi ni hakimu mbaya. Hukisia kutokana na maneno ya jirani, kwa hiyo hukusamehe toni mbovu na kukuachia uongo kwamba unasikika vizuri.

## Lahaja na hali za pekee

15. Mtu wa Malmö na mtu wa Stockholm wana matatizo yaleyale?

La, na vitabu vya Kiswidi mara nyingi husahau hili. Mwaka 1977 mwanafonetiki wa Lund, Gösta Bruce, alionyesha kwamba tofauti ya aksenti mbili za Kiswidi ni ya wakati: kushuka huja mapema kwa aksenti ya 1 na huchelewa kwa aksenti ya 2. Wakati huo haufanani mahali pote. Huko Skåne, jimbo la kusini lenye mji wa Malmö, kila aksenti ina kilele kimoja; kwa aksenti ya 1 kilele kiko mapema katika silabi yenye mkazo, kwa aksenti ya 2 kinakuja baadaye, hivyo sauti inapanda pale ambapo mtu wa Stockholm anashuka.

Kwa hiyo ushauri kama "toni ya 4 ni ile silabi ya kwanza ya aksenti ya 2" unamfaa mtu wa Stockholm na unampotosha wa Malmö. Kabla ya kumpa mwanafunzi mfano wowote wa Kiswidi, mwombe aseme *anden* zake mbili, usikilize anakwenda wapi.

16. Na wasemaji wa Kiswidi wa Ufini?

Kiswidi cha Ufini kwa kawaida hakitofautishi aksenti hizi mbili. Bata na roho hutamkwa sawa. Faida iliyoelezwa swali la 4 hawana. Lakini hawana pia wimbo wa kuusahau, na niliowaona huchelewa mwanzoni kwenye kusikia kisha hutamka jozi kwa usafi.

17. Niliasiliwa kutoka Uchina nikiwa mchanga, nimekulia Uswidi. Je, toni bado ziko ndani yangu?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya darasa, na linastahili jibu la uangalifu. Mwaka 2014 watafiti wa Montreal walichapisha kazi kuhusu wasichana wa miaka 9 hadi 17 walioasiliwa kutoka Uchina wakiwa na umri wa mwaka mmoja hivi na kulelewa kwa Kifaransa tu. Waliposikilizishwa toni za Kichina, ubongo wao uliitikia kama wa wenzao waliokulia na Kichina nyumbani, tofauti na wasichana waliojua Kifaransa peke yake. Walikuwa hawaelewi Kichina wala hawakikumbuki.

Kilichopimwa ni mwitikio wa ubongo, si uwezo wa kuzungumza. Maneno utajifunza kama wengine, na huenda ukakosea kama wengine. Usiruhusu mtu akwambie kwamba kwako ingepaswa kuwa rahisi.

18. Mbali na toni, Kiswidi kinamsaidia mtu wapi?

Mahali pazuri sana. *X* ya pinyini, kama katika *xué*, ni ileile *tj* ya Kiswidi katika *tjugo* au *kjol*. *Sh* ni ile sauti ya *rs* katika *mars*, kwa wale wasiotamka *r* kooni. Watu wa Skåne hawana sauti hiyo. *Ü* ni *y* ya *ny*. Wageni wengine huhangaika miezi na tofauti ya *x* na *sh*, na mtu wa Göteborg anazo zote mbili tayari. Palipobaki ni *b, d, g*, ambazo katika Kichina hazina mtetemo kooni.

19. Kuna Waswidi waliowahi kuzimudu toni kweli?

Wapo wengi, na wawili hawakwepeki. Bernhard Karlgren, aliyezaliwa Jönköping mwaka 1889, alianza ujana wake kwa kurekodi lahaja za Kiswidi vijijini. Kati ya 1910 na 1912 alikuwa Uchina akikusanya matamshi ya lahaja za huko, na kazi yake kubwa juu ya historia ya sauti za Kichina ilitafsiriwa kwa Kichina mwaka 1940 na Yuen Ren Chao, yule wa swali la 2, pamoja na Luo Changpei na Li Fang-Kuei. Mwanafunzi wake Göran Malmqvist, naye wa Jönköping, alikwenda Sichuan mwaka 1948 kwa kazi ya namna hiyohiyo, na mwaka 1985 akaingia katika Akademia ya Uswidi. Wote wawili walisikiliza neno mojamoja na kuliandika lilivyosikika.

20. Mimi ni msemaji wa Kiswahili na nimejifunza Kiswidi. Nipitie Kiswidi ili nifike kwenye toni?

Tazama kwanza lugha ya nyumbani kwenu. Kiswahili sanifu hakina toni. Kina shadda, yaani mkazo, ambayo karibu daima iko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache kama *barabara*: njia ni *barabára*, sawasawa ni *barábara*. Lakini wengi wetu tuna lugha nyingine ndani: Kihaya, Kikuyu, Kinyarwanda, Kirundi, Kilingala. Hizo zina toni, na anayezungumza mojawapo ana njia fupi kuliko ya Mswidi. Asizunguke kupitia *anden*.

Kosa letu ni shadda. Tunaivuta silabi ya pili kutoka mwisho, *Zhōngguó* inakuwa *Zhooongguo*, na toni ya mwisho inakosa hewa. Dawa ni ile ya urefu sawa, swali la 9.

21. Nikikosea toni, si nitaeleweka tu?

Mara nyingi, ndiyo, ikiwa sentensi ni ndefu na mada inajulikana. Majina ndiyo hayasamehe. Shānxī na Shǎnxī ni majimbo mawili jirani, yanayotofautiana kwa toni ya silabi ya kwanza tu. Kwa herufi za Kilatini la pili huandikwa Shaanxi ili kuepusha mkanganyiko. Ukiwa stesheni unanunua tiketi, hakuna mada ya kukuokoa.

22. Nimezungumza Kichina miaka mingi kwa toni mbovu. Bado inarekebishika?

Inarekebishika, lakini si kwa kurudi *mā má mǎ mà*. Jirekodi dakika moja ukizungumza jambo la kawaida, usisome. Mpe Mchina aandike toni anazozisikia, si zile anazojua ulizikusudia. Mwambie hivyo waziwazi, maana adabu itamfanya akusaidie. Weka orodha yake kando ya toni sahihi, uhesabu jozi, si silabi mojamoja. Kwa watu wa Stockholm na Göteborg, kwa nilivyoona, makosa hujaa kwenye jozi mbili tatu tu, na 1 na 1 huwa mojawapo. Chukua jozi hiyo peke yake wiki mbili: *jīntiān, fēijī, kāfēi*. Kisha jirekodi tena, umpe mtu yuleyule.